Shada la Bibi Felista

Leo nimeaibika, na serikali nimeiaibisha pamoja nami.

Kabla hamjauliza: mimi ni Mchaga wa Desemba. Nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, mlimani nilikuwa napanda na familia Krismasi, nakula nyama, narudi. Mwaka huu nimehamishiwa ofisi ya serikali Moshi, nikajiona nimefika nyumbani. (Nyumbani sikujui, leo nimethibitisha.)

Leo Kibosho kulikuwa na hafla ya serikali ya kuwaenzi wanawake waliotumika jeshini wakati wa vita vya Kagera. Mmoja wao ni Bibi Felista, dada wa marehemu babu yangu, aliyekuwa muuguzi wa jeshi. Alifunga majeraha ya vijana wa watu, wengine wakamfia mikononi. Aliporudi, wanaume walishangiliwa, yeye akaambiwa akakate majani ya ng'ombe. Hafla zikapita miaka na miaka, haitwi. Juzi nilipompelekea mwaliko alinijibu taratibu: "Nitakuja kwa ajili ya wenzangu waliokufa. Lakini kitu cha serikali sipokei."

Iliniuma. Nikajisemea, akiona shada zuri atalainika. Na shada lilikuwa jukumu langu.

Basi nikanunua maua mjini, nikayapakia nyuma ya gari pamoja na makreti ya soda. Barabara ya Kibosho mnaijua. Tulipofika, kreti lilikuwa limeyalalia maua, vimebaki vijiti. Na mgeni rasmi ndiyo anateremka. Nikakimbilia ua wa nyumba jirani na uwanja, nikakuta majani marefu ya kijani, yanang'aa. Mwenye ua yuko uwanjani, nimuombe nani? Nikakata, nikayafunga kwa utepe wa rangi za bendera. (Nikajipongeza kabisa.)

Tulisimama kimya kuwakumbuka waliokufa. Kisha akaitwa Bibi Felista. Mgeni rasmi, mtu wa Mtwara, akamwamkia shikamoo, akainama, akamkabidhi shada langu kwa mikono miwili.

"Bibi, serikali imenituma nikuletee hili."

Wazee wakavua kofia. Nikadhani wanaheshimu maua. Mama aliyekaa pembeni yangu akanishika mkono, akauliza nani kaishauri serikali ilete isale. Nikamuuliza isale ndiyo nini. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, hayo si maua. Sisi Wachaga isale unampelekea uliyemkosea. Na akishaletewa, hawezi kukataa kusamehe."

Bibi aliyatazama yale majani kwa muda mrefu, nami naomba ardhi ipasuke. Mwishowe akayapokea.

"Nilisema sipokei kitu. Lakini isale halikataliwi. Nimesamehe."

Akalia. Wazee wakalia. Nami nikalia, sijui ni aibu au ni nini. Mgeni rasmi alipiga makofi, huku akimnong'oneza bosi wangu, anataka kujua kasamehewa kosa gani.

Hata nishani aliyoandaliwa na serikali Bibi aliipokea. Nimemwacha kwake jioni hii bado ameivaa, anachochea moto, na yale majani ameyaweka karibu na picha ya babu.

Mimi kesho asubuhi naitwa ofisini nikaeleze nani aliniruhusu kuiombea serikali msamaha. Msinicheke, jamani. Nakwenda na isale langu mkononi, na namshukuru Mungu bosi naye ni Mchaga, mtu wa Marangu.