Marehemu Aliyemenya Chungwa

Muuza vitabu mmoja wa Ukunda aliniapia kwamba riwaya zote za michoro husomwa kutoka nyuma kuja mbele, kulia kwenda kushoto, kama msahafu. Nikaamini kabisa. (Mimi huyu, mwenye cheti cha shule ya jioni kilichotundikwa sebuleni!)

Basi leo nimeaibika. Tena ukweni!

Mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, mwalimu mstaafu wa hapa Msambweni, ametolewa mtoto wa jicho. Amekatazwa kusoma, na huyu mama bila kitabu hata chai haimshuki. Nikajitolea kumsomea. Miaka sita nimemuoa binti yake, Mwanasiti, na sijapata kumwonyesha kwamba nami nimesoma.

Nimefika asubuhi na Mwanasiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo tunamaliza?"

Nikaketi nje ya mlango, pazia katikati yetu, kwa adabu ya mkwe. Kitabu chenyewe ni cha michoro, hadithi ya mauaji. Kurasa nyeusi tii, mvua haikatiki, mpelelezi kavaa koti zito (joto letu hili lingemuua yeye kwanza). Siku ya kwanza tulimfunga muuaji. Siku ya pili tukamzika marehemu, fundi saa mpole. Jana akapigwa risasi. "Huu ndio ufundi wa kisasa, mama," nikamweleza. "Mwandishi anataka tufikiri."

Na leo, wallahi, fundi yu hai! Anamenya chungwa, anampa mkewe nusu. Machozi yakanitoka. Majirani wawili waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama kusikiliza. Nikapaza sauti kama hatibu, nifunge hadithi kwa yale maandishi makubwa ya juu:

"SURA YA KWANZA!"



Mwanasiti akaangusha mwiko jikoni. Majirani wakatua ndoo, wakakaa chini kabisa wacheke vizuri. Nadhani hata kisiwani Funzi walisikia.

"Mama... ulijua?"

"Tangu tulipomfunga mtu kabla sijajua kamuua nani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasoma kwa raha, baba. Halafu mume wa yule bibi alikuwa anarudi nyumbani. Mimi wangu nimemzika mwaka juzi. Nikasema, tumwache huyu afike."

Nikajifanya napanguza jasho.

Ndipo pazia likasogea, na ile sauti ya darasani ikatoka:

"Kesho tunarudia. Vitabu hivi vinaanzia kushoto, ukurasa wa kwanza."