Kamati ya Weupe

Hivi wewe, ukipakiwa Nyeupe Maziwa na Nyeupe Mtindi ukutani, utajua ipi ni ipi? Usijibu haraka. Sisi ilituchukua wiki tano, na muhuri tulikuwa nao.

Mtaani kwetu hapa Babati iliundwa Kamati ya Weupe, ichague rangi ya chumba cha kupimia watoto pale zahanati. Mimi nilikuwa mjumbe upande wa wazee. Mwenyekiti wetu, Bwana Apolinary, ana suti ya rangi ya krimu, na ofisi yake inatazamana na zahanati, ng'ambo ya barabara ya vumbi jekundu.

"Ndugu wajumbe," alifungua, "suala la weupe ni suala mtambuka."

Tukapiga makofi.

Mgongoni kwangu mjukuu wangu Noela alikuwa anakohoa. Dirisha la chumba hicho cha kupimia, tulimokutania, lina nondo tu, kioo hakuna. Bajaji ikipita, vumbi linaingia bila hodi. Nikanyoosha mkono.

"Bibi, hoja yako ni Maziwa au Mtindi?"

"Wala si hizo, baba, mimi nilitaka..."

"Basi haimo kwenye ajenda."

Kweli, haikuwemo. Nilihakikisha.

Wiki ya pili tuliagiza maziwa yenyewe na mtindi wenyewe, vikombe sita, kwa ulinganifu wa kitaalamu. Kikao kiliahirishwa baada ya wajumbe kunywa vielelezo.

Wiki ya tatu fundi Hilary alipaka mabaka mawili ukutani. Akaulizwa lipi ni lipi.

"Bosi, hata mimi nishasahau."

Ikaandikwa kwamba fundi ana upeo mdogo.

Wiki ya tano tukarudi kuamua. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Mabaka yote mawili yalikuwa mekundu kama tofali. Mwenyekiti akaegemea ukuta, akawaza.

"Hii ni rangi ya tatu," akasema. "Nani kaipitisha bila kibali?"

Akageuka kututazama sisi wengine, mgongo ukawaelekea akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mizani. Mmoja wao, Mama Joyness, akashindwa kujizuia.

"Mwenyekiti, kibali umekibeba mgongoni!"

Chumba kizima kikacheka. Bwana Apolinary akajikung'uta suti, vumbi likamwingia kooni, akakohoa. Noela akamwitikia kwa kikohozi chake. Wakakohoa kwa zamu, kama wanasalimiana.

Alipopata pumzi, akanijia taratibu.

"Shikamoo, bibi. Siku ile ulikuwa unataka nini?"

"Marahaba, baba. Nilitaka kioo cha dirisha. Hicho cha ofisini kwako kinatosha. Nilishakipima kwa shubiri tangu wiki ya kwanza."