Maji Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita ofisini, kafunga mlango, kanichezea kipindi changu cha redio cha alasiri cha wiki jana. Mgeni alikuwa mkunga aliyezalisha nusu ya mji. Nikasikia swali langu likianza. Likaendelea. Likapitia historia ya afya, likazunguka utoto wangu, likarudi. Mkunga akajibu, "Ndiyo." Nikashika tena usukani.

Bosi akasema wasikilizaji wanalalamika kwamba wageni wangu hawamalizi sentensi. Ananipa wiki hii tu. Nisipojirekebisha, alasiri anapewa Asali, yule kijana anayesoma hali ya hewa kama anambembeleza mtu alale. Nikaitikia kwa unyenyekevu. Moyoni nikasema: wivu.

Nyumbani kimya. Mke wangu yuko kwao, anamuuguza mama mkwe aliyevunjika nyonga. Nimeifuta vumbi redio yake ya jikoni, sikuiwasha. Zamani alikuwa akinipokea mlangoni na hukumu: leo umemkatiza mtu maneno, baba. Nilikuwa nanuna hadi chakula kinapoa. Leo ningenuna kwa furaha.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu. Kama kuna wanaolalamika, wapatikane wanaosifu. Kwenye droo nimekuta laini ya zamani ya mke wangu. Nikaitia kwenye simu ya akiba, nikatuma ujumbe kituoni nikiwa chooni kabla ya kipindi: mtangazaji huyu ni hazina, asiguswe. Nikasaini "Msikilizaji Makini".

Nilisahau kwamba fundi mitambo ana namba hiyo tangu harusi yetu. Akaingilia kipaza sauti, akausoma hewani kwa sauti iliyolowa: shemeji anasema mumewe ni hazina. Bosi akaja mlangoni akitabasamu. Hata Asali akanipa mkono, akasema anatamani naye apendwe hivyo.

Nikapokea pongezi. Aibu kidogo. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilitembea kama mtu aliyeandikiwa kweli.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kapiga. Kumbe hata kwa mama mkwe kituo chetu kinashika! Akasema amesikia kwamba amenitumia salamu, akauliza kama alikuwa mzima alipoziandika. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikabana simu sikioni hadi sikio likauma.

Kisha akasema taratibu, "Mwache mtu amalize, baba. Jaribu hata mara moja."

Nikauliza atarudi lini. Daktari hajasema. Mama mkwe akamwita, akakata simu. Nikaendelea kuishika kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya, hii ya kisayansi. Nikishauliza swali, napiga funda la maji, nalishikilia mdomoni hadi mgeni amalize.

Mgeni alikuwa fundi saa, mzee mwenye kikohozi. Nikamuuliza ni saa gani imewahi kumsumbua zaidi. Funda. Akasema ni ya marehemu mkewe. Haina ubovu wowote. Anaifungua, anaisafisha, anaifunga, halafu baada ya muda anaifungua tena, maana ndiyo kazi pekee anayoweza bado kumfanyia.

Akanyamaza. Hapo kwa kawaida ningeingia na takwimu. Lakini mdomo umejaa maji, nayo hayamezeki. Tukakaa hivyo hewani, mimi na yeye, hadi akaanza tena mwenyewe. Akasema mkewe alikuwa akimtania kwamba anazirekebisha saa za mji mzima, lakini yake ya kurudi nyumbani imemshinda.

Simu zikamiminika. Bosi akasema ukimya ule ni ukomavu, alasiri inabaki kwangu. Sikumweleza habari za maji.

Na ujumbe wa mke wangu, wa kweli safari hii: "Leo umesikiliza. Mama ameanza kutembea. Jumamosi nitapiga nikwambie siku ya kuja kunipokea." Nimeusoma nimesimama, nimeusoma nimekaa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefagia mpaka chini ya kabati. Nimetandika shuka analolipenda. Simu ilipolia nikapokea kabla haijalia vizuri.

Akasema, "Sasa sikiliza, baba."

Nikamwambia kusikiliza ndiyo fani yangu siku hizi. Nikamweleza siri ya funda: ukubwa wake, joto la maji, namna ya kupumua kwa pua. Nikamweleza uso wa Bosi, na jinsi Asali alivyonywea, na mpango wangu wa kuwafundisha watangazaji wengine. Kila mara alikuwa akisema, "Mume wangu..." Nadhani alitaka kunipongeza, ila nilikuwa bado sijafika penye utamu. Simu yake ikaishiwa chaji nikiwa kwenye umuhimu wa kutomkatiza mtu.

Siku yenyewe hakuitaja. Ajabu! Watu wengine hata wakipewa nafasi hawaitumii.

Basi kesho nitakwenda stendi, nipokee kila gari linalotoka kwao. Na Jumatatu kipindi kizima kitahusu kunyamaza. Sijaalika mgeni. Angenipotezea muda.