Hoteli ya Chumba Kimoja, Mtaa wa Swahili

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Habari kubwa. Mzee Mwinyimvua wa Utete anakuja Dar es Salaam. Dereva wa lori la Rufiji kanipitishia salamu leo asubuhi. Mzee atafika Alhamisi na binti yake Sitara, watalala usiku mmoja, na Ijumaa baada ya sala watapanda meli kwenda Mombasa kumwona mjukuu ambaye Mzee hajamtia machoni. Tiketi katuma mwanawe aliye huko. Mzee hajapata kupanda meli maishani. Dereva anasema tangu tiketi zifike hali chakula vizuri, anaota maji yanamfunika tu.

Na ameomba mtu mmoja amchagulie hoteli ya kulala. Mtu mwenyewe ni mimi, Shomari.

Ana haki. Kila nikienda Utete humweleza kwamba niko katika mambo ya hoteli. Si uongo. Shuka zote za ile hoteli ya Wazungu bandarini zinapita mikononi mwangu. Napiga pasi kwa Bwana Ravindra, dobi wa Kariakoo. Meli nazo nazijua, nimepanda tatu, kupeleka nguo. Zilikuwa zimetia nanga, lakini meli ni meli.

Dereva akaongeza neno. Mzee anataka aione kwa macho yake hiyo kazi yangu ya hoteli, ndipo atoe jibu la posa. Nimemposa Sitara tangu mwaka jana. Jibu atalitoa kabla ya kupanda meli.

Baya ni moja tu. Shaibu naye kaposa. Shaibu fundi baiskeli wa Ilala, grisi mpaka viwikoni. Hoteli hajaiona hata kwa dirisha. Simwogopi. Namhurumia.

Jumanne, 4 Septemba

Nimezunguka mji mzima kuchagua hoteli. Nilivaa suruali nyeupe ya mteja mmoja. Nimeirudisha, ila ina vumbi.

Nimeanza na hoteli ya Wazungu, mlango wa mbele, kama mtu anayejijua. Bawabu akaniambia nguo zinapitia nyuma. Nikamwambia leo sikuleta nguo, nimekuja kutazama vyumba kwa ajili ya mgeni wangu kutoka Utete. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kama ni hivyo, basi na mlango wa nyuma umefungwa. Sikumwelewa. Nimepita nyuma na ulikuwa wazi.

Huko nimemkuta Anselmi, boi wa vyumba, Mmakua wa Masasi, mtu mwema sana. Kanionyesha chumba ambacho mgeni wake ametoka. Nimeduwaa. Kitanda kiko katikati ya chumba, hakigusi ukuta, unakizunguka. Shuka nyeupe pe, zimevutwa hazina kunyanzi moja. Hizo ni kazi yangu, nimemwambia Anselmi, akakubali. Taulo jeupe limekunjwa upande wa miguu. Sabuni mpya. Kibakuli cha pamba. Na ajabu kubwa, mtu anaoga humohumo ndani na maji yanakwenda zake kwa mfereji. Nimeyaweka yote kichwani.

Kutoka hapo nimekwenda Kisutu kwa Tulsidas. Ana duka chini na vyumba juu, vya Wahindi wenzake wanaongoja meli ya Bombay. Pasafi, pametulia. Tulsidas akasema Mzee wangu anakaribishwa kwa mikono miwili, ila jikoni kwao haipiki nyama, haipiki samaki, hata kitunguu hakiingii. Nikamfikiria Mzee Mwinyimvua, mtu wa Rufiji, siku nzima bila samaki. Nimeshukuru nikatoka.

Nyumba ya wageni ya karibu na soko ina kilabu cha pombe chini. Mwenyewe ananiambia wageni wake hawasumbuliwi na kelele, maana wao ndio wanaozipiga. Nimeondoka.

Jioni Shaibu kanisimamisha njiani. Kasema, kaka Shomari, usihangaike, mlete Mzee kwangu Ilala. Kuna kitanda cha kamba, kuna chandarua, na mama atapika. Nimemjibu kwamba Mzee anakwenda kupanda meli, si baiskeli. Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nadhani limemchoma.

Nimekata shauri. Hoteli ya kumfaa Mzee haipo. Nitaitengeneza.

Jumatano, 5 Septemba

Kazi imekamilika. Mikono ina malengelenge.

Bi Sabaha, mwenye nyumba ninayopanga chumba cha uani Mtaa wa Swahili, ameniachia chumba chake cha mbele kwa usiku mmoja. Ana moyo, ingawa mdomo wake mkali. Alfajiri ameshika njia ya Magogoni, avuke kwa pantoni aende Kigamboni kwa dada yake, kesho arudi. Majirani hakuwaaga. Na Bi Tatu wa nyumba ya pili hawasemezani tangu mambo ya kuku. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa nisiharibu kitu.

Kitanda nimekisogeza katikati. Shuka mbili nimezitoa kwenye mzigo wa hoteli, Ijumaa zitarudi zimepigwa pasi upya. Bwana Ravindra sikumwuliza. Asingekataa, sasa kumwuliza kuna faida gani?

Mfereji ulinipa taabu. Hoteli ina bomba, sisi tuna sakafu ya udongo. Nikachukua jembe, nikachimba kijifereji kizuri, kinaanza chini ya kitanda kinatokea nje ukutani. Mzee Mfaume, jirani wa mkono wa kulia, akachungulia dirishani akaniona nachimba. Akasoma kitu kwa sauti ndogo. Akaniuliza kama nimepata watu wa kunisaidia. Nimemwambia yote nitayafanya kwa mikono yangu. Alinitazama kwa heshima ambayo sijapata kutazamwa mtaa huu. Watu wanaanza kunielewa.

Kisha kwa Tulsidas. Pamba na sabuni mpya, kama za Anselmi. Kafuri, maana chumba cha Bi Sabaha kina mende. Ubani na marashi ya waridi. Hivi vya mwisho ni akili yangu, Wazungu hawana. Tulsidas akavitazama vitu, akanitazama mimi, akasema pole sana Shomari, chukua tu. Hakutaka hata senti.

Pole ya nini? Labda nimeonekana nimechoka.

Alhamisi, 6 Septemba

Sijui niandikeje. Nitaandika kama yalivyokuja.

Asubuhi nimefukiza ubani, nimenyunyiza marashi, nimejaza ndoo maji na kata juu yake. Nikatoka barazani kupunga upepo, nikakuta Mzee Mfaume ametandika mikeka na wanaume kama kumi wamekaa. Kimya. Nikajua sifa za hoteli zimeenea. Nikawakaribisha. Wakanishika mkono mmoja mmoja, kwa huruma. Mmoja akaniuliza, saa ngapi? Nikamwambia kesho baada ya sala ya Ijumaa, maana ndipo meli inapoondoka. Wote wakatikisa kichwa, wakasema ni wakati mzuri.

Uani Bi Tatu na wanawake wenzake wamebandika sufuria kubwa la wali. Bi Tatu analia kwa kwikwi, anasema Sabaha, Sabaha, kuku tu, kuku tu. Nikamwambia asilie, Bi Sabaha hana kinyongo tena. Akalia zaidi.

Bwana Ravindra kafika na tai nyeusi. Akachungulia chumbani, akaziona shuka, akaitambua alama yake ya dobi kwenye pindo. Akaniweka mkono begani. Akasema shuka hizi sizidai, Shomari, hoteli nitawaambia zimepotea. Nimefanya kazi kwake siku zote hizo bila kujua ni mtu wa namna hii.

Ndipo Mzee Mwinyimvua akateremka kwenye lori, Sitara nyuma yake kabeba kikapu. Kapendeza kuliko mwaka jana. Nikasema, shikamoo Mzee. Hakuitika. Ameona watu mikekani, akavua viatu, akawapa wote mkono, akanyanyua viganja akaomba dua. Kisha akauliza nani aliyefariki. Mzee Mfaume akamwambia ni mama mwenye nyumba, jana ghafla.

Mimi nikaona hapa mambo yanataka kunichanganya. Nikamshika Mzee mkono, nikampitisha ndani haraka kabla wali haujaiva. Akaona kitanda, shuka, pamba, ndoo, mfereji chini. Akasema, maskini mama wa watu, mmemwandalia vizuri.

Nikasema, hapana Mzee. Kitanda hiki ni chako wewe. Nimekuandalia mwenyewe.

Uso wake ukawa kama majivu. Akaniuliza, yaani huku Dar mmeshajua? Nikamjibu tumejua tangu Jumatatu.

Sikujua Mzee wa umri ule anaweza kukimbia. Katoka bila viatu. Kwa bahati yake Shaibu alikuwa anafika na baiskeli. Mzee akarukia kiti cha nyuma, akasema twende, mwanangu, popote. Sitara akanitazama, akafunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia ama nini. Akachukua viatu vya baba yake akawafuata.

Bado nimesimama pale, akatokea Bi Sabaha kutoka Magogoni, kapu la samaki kichwani. Wanaume watatu wakaruka dirisha. Bi Tatu akazimia, akazinduka, akamkumbatia Bi Sabaha, wakalia pamoja kwa ajili ya yule kuku.

Baadaye Bi Sabaha kaingia chumbani, katoka, kanishika sikio. Kasema, wewe Shomari una wazimu? Shuka nyeupe, pamba, kafuri, kitanda katikati, ufuo umechimbwa sakafuni. Umekifanya chumba changu kuwa cha kuoshea maiti! Nimemwambia kwamba Anselmi anatandika hivi kila siku na hakuna Mzungu aliyekimbia. Akaniuliza sijapata kufiwa? Nimefiwa, lakini mambo ya ndani ni ya wazee. Msibani kazi yangu ni sufuria.

Bwana Ravindra karudi akazitaka shuka zake.

Ijumaa, 7 Septemba

Mzee amelala kwa Shaibu, kitanda cha kamba, chandarua, samaki wa nazi. Lakini habari mbaya. Hapandi meli. Anasema ndoto za bahari zilikuwa zinamwonya, na sasa mji mzima umemthibitishia. Arudi Utete akafie kwake.

Hili limeniuma. Posa ni posa, lakini mtu asimwone mjukuu wake kwa sababu ya kafuri yangu? Sikupiga pasi asubuhi. Nimemwendea Bi Sabaha nikamwomba anifuate Ilala. Kakubali, kwa sharti niufukie mfereji kwanza.

Tumemkuta Mzee amejikunja kitandani, tiketi kaziweka mbali naye kama zinauma. Bi Sabaha akakaa kitako. Akamwambia, ndugu yangu, mimi nimevuka maji jana, mauti nimeyakuta huku nchi kavu. Nimekula wali wa matanga yangu mwenyewe na niliomba ukoko. Wewe bahari unaiogopea nini? Kisha akamweleza nani alilia na nani alijifanya, mmoja mmoja, na nani aliruka dirisha. Mzee alianza kukohoa. Kumbe anacheka. Amecheka mpaka chandarua kikaanguka.

Baada ya sala tumemsindikiza wote bandarini, mimi nimebeba kikapu, Shaibu kabeba Mzee kwenye baiskeli. Mzee kakanyaga boti ya kuelekea melini macho kafumba, lakini kakanyaga.

Jibu la posa? Kasema atalitoa akirudi, mwezi wa kumi. Akaongeza kwamba akirudi atalala kwa Shaibu. Sitara kaniambia tangu azaliwe hajaona mtu aliyemkimbiza baba yake na kisha akamchekesha kwa siku mbili. Nimemwuliza hiyo ni sifa au lawama. Akasema ataniambia mwezi wa kumi.

Jumapili, 9 Septemba

Nimefikiri siku mbili na kosa nimeliona. Ilikuwa rangi. Bi Sabaha mwenyewe alianza na shuka nyeupe. Nyeupe inatisha wazee.

Na kosa la pili, nilimngojea Mzee nyumbani. Mwenye hoteli anayejua kazi humpokea mgeni palepale anaposhuka. Basi mwezi wa kumi Shaibu na baiskeli yake atakuta nimemtangulia. Nitaweka kitanda cha kamba pale ufukweni, miti miwili imepitishwa chini, vijana wanne wa nguvu. Mzee atakuwa amechoka na bahari. Alale chali, atulie. Tunamfunika kitambaa kizuri cha kijani jua lisimchome, tunamnyunyizia marashi, tunambeba mabegani. Njia ni ndefu, kwa hiyo wabebaji watapokezana. Wale wote waliokuja Alhamisi nimewaomba waje tena, watembee nyuma, taratibu, bila makelele. Hatakanyaga chini mpaka Kariakoo.

Kitambaa nimekichukua kwa Tulsidas, na marashi chupa mbili. Safari hii pia kakataa malipo. Kaniuliza kwa sauti ya chini, nani tena, Shomari?

Nimemwambia ni yuleyule. Tulsidas akakaa chini.