Mawimbi ya Aminieli

Jumatatu, 7 Julai 2025
Soko la Same. Dada Salha, anayepeleka tangawizi Pemba kupitia Tanga, kamsifu tena Aminieli mbele ya watu. Eti bila yeye angeshapoteza mzigo. Aminieli ni wa Shighatini, mlimani huko, hata kuogelea hajui. Anatazama upepo na hali ya hewa kwenye simu, kisha anasema bahari itakuwaje. Wanamsikiliza kama imamu. Mimi nimefika Tanga mara tatu. Hakuna anayeniuliza.

Jumanne, 8 Julai
Nimemwendea Aminieli, nikajifanya mwanafunzi. Kanifundisha bure, mjinga. Kwanza, angalia kasi ya upepo. Pili, umevuma kwa muda gani. Tatu, umepita juu ya maji umbali gani, maana mawimbi hutoka mbali na hufika hata pasipo upepo. La kwanza nimelishika. Mengine ni maringo tu.

Jumatano, 9 Julai
Aminieli katangaza kesho mawimbi mita tatu, mzigo usiende. Nikafungua simu. Tanga upepo umelala. Nikasimama sokoni nikasema bahari shwari. Dada Salha akasita. "Swalehe, una hakika?" Nikamwambia nitapanda boti mwenyewe pamoja na magunia yake. Akanitazama vile anavyomtazama Aminieli. Magunia kumi yamepakiwa.

Ijumaa, 11 Julai
Niko Tanga, nimelala chali. Jana upepo haukuwepo kweli. Mawimbi yalikuwepo. Yalikuja marefu, kimyakimya, kama milima ya Ugweno imehamia baharini. Nilitapika mpaka chakula cha Jumanne. Magunia saba yametoswa, ndipo nahodha akageuza boti. Akauliza nani alituambia tusafiri. Nikasema Aminieli.

Jumamosi, 12 Julai
Nimerudi Same. Dada Salha hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimekula. Afadhali angenigombeza. Aminieli kampa magunia mawili kutoka shamba la mama yake, ya kumfariji. Kisha akaja kwangu kunipa pole, na mkungu wa ndizi begani. Akasema hata yeye mwanzoni alikosea sana. Dada Salha alimwangalia mpaka akapotea kwenye kona. Ndizi ni tamu. Nimezila kwa hasira.

Jumatatu, 14 Julai
Aminieli katangaza kwamba Jumatano bahari itatulia kabisa. Sijafungua simu. Nimemwahi Dada Salha, nikamwonya asipeleke hata gunia moja, bahari itachafuka vibaya. Akaniuliza nimejuaje.
Nikamwambia mimi nimeshafika huko.