Mabegi Mawili na Kuku wa Mama Ruti

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Tunduma.

Ijulikane kwa wote waliopo na watakaozaliwa kwamba leo, saa nne asubuhi, mimi Nsajigwa, mwalimu wa kwaya na mjaza fomu za madereva wa malori hapa mpakani, nimenunua mabegi mawili ya mgongoni. Ya salaula, yaani mitumba, kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka. Moja zipu imekufa. Hilo ni la mke wangu, Mama Gwantwa.

Sababu. Mwezi uliopita walivuka mpaka Wazungu wawili, mume na mke, wa umri wetu. Nyumba nzima mgongoni, na wanacheka. Sisi tuna miaka ishirini na tano ya ndoa na makabati matatu, na hatucheki hivyo. Nikatangaza mbele ya kwaya kwamba mimi na mke wangu tutatembea mwambao wa Ziwa Rukwa siku nne, kwa miguu, na kila tulicho nacho tutakibeba wenyewe.

Watson wa sauti ya nne akauliza kama mgongo wenyewe umeshaambiwa. Watu wakacheka. Hapo nikasema nisichotumwa: nikipanda chombo chochote, au mzigo wangu ukibebwa na mwingine, kijiti cha kuongozea kwaya namkabidhi yeye. Nimekishika miaka kumi na moja. Ndicho kitu pekee duniani ambacho nikikiinua watu wananyamaza.

Mama Gwantwa aliuliza jambo moja tu: kama huko kuna mahali pa kukaa mtu akatazama maji. Nikamwambia ratiba imejaa.

Jumanne, 5 Agosti.

Tumeshuka kwenye gari Ivuna. Kuanzia hapo ni miguu. Nimebeba sufuria mbili, jiko la mafuta ya taa, turubai, blanketi, viatu vya akiba na kitabu cha nyimbo. Kufikia saa sita bega la kushoto halikuwa langu tena.

Mama Gwantwa alikunja khanga, akaiweka kichwani, begi juu yake. Mikono inaning'inia, anatembea kama anakwenda sokoni. Nikamkumbusha kwamba hili linaitwa begi la mgongoni. Akasema mgongo wake umebeba watoto wanne na umestaafu.

Ziwa tumeliona saa kumi. Maji rangi ya chai ya maziwa. Akasimama. Nikamwambia twende, kuna mamba.

Jioni mjane mmoja, Mama Ruti, alitukuta tunapigana na turubai. Akauliza tumefukuzwa na nani. Nikasema hatujafukuzwa, tunatembea tu.

"Mnatembea tu," akarudia. Akaenda kuwaita majirani waje kutuona. Tumelazwa ndani.

Jumatano, 6 Agosti.

Wakati wa kuaga Mama Ruti ametupa kuku. Jike jekundu, mzima, miguu imefungwa. Nikakataa kwa adabu, kwamba tuna safari. Akaniuliza kuku wake ana kasoro gani. Mama Gwantwa akampokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Kisha akanikabidhi.

Mbele kidogo nilimwacha kivulini, chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Haikupita nusu saa, mzee mmoja akatufikia kwa baiskeli, jasho linamtiririka. "Baba, umesahau kuku wako." Nikamshukuru. Kuku naye aliniangalia.

Jioni tumefikia kwa Mzee Yesaya, mkulima wa mpunga. Hapo likanijia wazo safi: kuku awe zawadi yetu kwake. Mzee amefurahi mno. Mama Gwantwa akaniuliza kama nina hakika. Nimelala mwepesi.

Alhamisi, 7 Agosti.

Mzee Yesaya amejibu zawadi. Jogoo, pamoja na nusu debe ya mchele. Nikasema haikuwa lazima.

"Mwanangu, chombo hakirudi kitupu. Kwani kwenu si hivyo?"

Kwetu ni hivyo. Isongole nzima, nilikozaliwa, ni hivyo. Marehemu mama hakuwahi kurudisha bakuli la jirani bila kutia kitu ndani, hata kama ni chumvi. Nilisahau kwa sababu ya wale Wazungu.

Nusu debe begani, jogoo kwapani. Malengelenge matano, matatu mguu wa kulia. Mama Gwantwa ananiambia nipumzike, tutazame ziwa. Nimemwambia nafikiri.

Nimegundua kosa. Zawadi ya jana ilikuwa ndogo, ikaacha nafasi ya kuzidiwa. Leo nimempa mwenyeji wetu, Bwana Fanueli, vyote kwa mpigo: jogoo, mchele, jiko la mafuta na blanketi. Hapo atajibu nini?

Ijumaa, 8 Agosti.

Mbuzi. Bata wawili. Gunia la mpunga.

Safari imekamilika. Maelezo baadaye.

Jumapili, 10 Agosti. Tunduma.

Baada ya ibada nilisimama mbele ya kwaya na kutoa taarifa: siku nne, kwa miguu, kila kitu tumebeba wenyewe. Makofi. Watson akanyoosha mkono. Amepita kwangu asubuhi, akasema, na amesikia mbuzi. Je, na huyo mlimbeba?

Kwaya nzima ikamgeukia Mama Gwantwa. Akasema, "Baba Gwantwa, waambie tu."

Basi ukweli ni huu. Ijumaa mbuzi aligoma kutembea na mimi nilishindwa kuvaa viatu. Bwana Fanueli akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akasema mgeni wake haonekani njiani amebeba gunia. Nililala juu ya mpunga, miguu juu, saa tatu nzima. Mama Gwantwa alikaa mbele, akatazama maji mpaka akatosheka. Mbuzi alipokula kitabu changu cha nyimbo, kuanzia namba moja, mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka. Hata wale Wazungu hawakutufikia.

Kijiti nimemkabidhi Watson. Amekishika kama mwiko.

Jumatatu, 11 Agosti.

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na wazo. Nimempelekea Watson yule mbuzi, kumpongeza. Chombo hakirudi kitupu, naye ni mtu wa kwetu. Itambidi anirudishie kitu kikubwa kuliko mbuzi. Na Watson ana kitu gani kikubwa kuliko mbuzi, isipokuwa kijiti? Mama Gwantwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuwalisha bata.

Saa kumi na moja Watson amekuja kushukuru, yeye na mkewe, wamevaa vizuri.

Wameleta mbuzi wawili.

Mama Gwantwa anatafuta kamba. Mimi niko hapa na kalamu, nawaza nimpelekee nani.