Simba wa Ukutani

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu amefunika cherehani mchana kweupe. Nilidhani anaumwa. La! Ametangaza likizo. Msimu mzima ameshona sare za shule, na anasema hata akioga anasikia cherehani ikikereza. Sasa anataka siku chache za kutazama wanyama, kwa sababu wanyama hawavai sketi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Tunakwenda wote: mimi, yeye, binti yetu, mama mkwe na shemeji, kaka yake, ambaye gari ni lake. Pa kwenda tutapachagua kwa kura Jumapili, hapa kwetu, baada ya chai.

Tumewekewa sehemu tatu. Bwawa la ndege. Mto wa viboko. Mbuga ya simba.

Nikasema kwa upole kwamba ndege ni viumbe wazuri mno. Binti yangu akadondosha kijiko. Huyu tunamwita Kasuku, maana kila akisikiacho nyumbani hukitapika barabarani. Akaniuliza, yaani baba, wewe, mtu wa simba, ukatazame ndege?

Hapo ndipo penye shida. Nitaieleza humu, ambamo hakuna wa kuniuliza maswali.

Mimi ni kinyozi. Juu ya kioo cha banda langu kuna picha ya simba, dume zima, anamkodolea mteja macho. Niliikata kwenye kalenda, tarehe nikazipunguza kwa mkasi, nikaibandika. Miaka hiyo mteja mmoja aliniuliza nani kaipiga. Nikakohoa. Kikohozi halali kabisa, unywele ulikuwa umenikaa kooni. Yeye akaelewa kwamba ni mimi. Je, hilo ni kosa langu? Sikusema uongo. Niliacha tu watu waamini, na walipotaka maelezo zaidi nikawapa, maana mteja hanyimwi kitu. Leo mtaa mzima unajua kwamba nililala porini, kwamba simba alininusa kiatu, na kwamba nilimkazia macho mpaka akaona haya akaondoka zake.

Simba sijamwona maishani. Mnyama mkali kuliko wote niliyewahi kukabiliana naye ni bata wa jirani, na nilikimbia.

Kasuku amewasimulia wanafunzi wenzake wote habari za kile kiatu. Akiniona natetemeka mbele ya simba wa kweli, nitaficha wapi uso huu? Lazima twende kwenye ndege. Na lazima asijue mtu kwamba nimetaka mimi.


Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Akili ninazo, sema tu hazitumiwi na serikali.

Dawa ni shemeji. Ni fundi umeme, hodari, lakini tangu nimuoe dada yake hajawahi kukubaliana nami. Nikisema mvua, yeye anatoka bila mwavuli, alowe, lakini asikubali. Nilipopaka mlango rangi ya kijani, alisema bluu. Nilipopaka bluu, alisema ile kijani ilikuwa nzuri. Basi nikitangaza simba, shemeji atakufa akitetea ndege, na kwa sababu gari ni lake, wote watamfuata. Mimi nitahuzunika hadharani. Nimefanya mazoezi ya kuhuzunika mbele ya kioo. Napendeza.

Kampeni imeanza leo. Kila aliyeketi kitini amesikia habari za simba, atake asitake. Uzuri wa mteja wa kinyozi ni kwamba hakimbii, shuka iko shingoni na wembe uko karibu. Mwalimu mkuu wa shule ya Kasuku nilimwonyesha hasa simba anavyonguruma. Nilinguruma vizuri, mkono ukateleza. Ametoka na ndevu za upande mmoja. Alikuwa anawahi kikao cha wazazi. Amesema tutaonana, kwa sauti ambayo sikuipenda.


Ijumaa, 8 Agosti

Shemeji amekuja kunyolewa. Sikupoteza muda. Nikamwambia Jumapili nitapiga kura ya simba, na kwamba mtu anayekwenda kutazama ndege ni sawa na mtu anayekwenda harusini kutazama viti. Akavimba kama andazi. Akasema simba ni mnyama mvivu, analala kutwa, ilhali ndege ni elimu. Kumbe amekwisha nunua na darubini!

Nikabisha. Akabisha zaidi. Moyoni nikawa nacheza. Nimemnyoa vizuri kuliko siku zote, nikampaka na poda shingoni bila kuombwa. Akanitazama kwa mashaka. Lazima nipunguze furaha.


Jumapili, 10 Agosti

Maangamizi.

Chai ilinywewa. Mke wangu akauliza nani wa kwanza. Nikasimama, nikatoa hotuba ya simba. Hotuba nzito! Kasuku alipiga makofi. Mama mkwe aliacha kufuma kitambaa chake akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu siku ya posa. Nikakaa, nikajiandaa kuhuzunika.

Shemeji akasimama. Akajikuna. Akasema amefikiri sana, na leo anakubaliana nami.

Anakubaliana nami!

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, na ndege je? Akasema ndege wataruka hata mwakani. Nikamkumbusha kwamba simba ni mvivu, maneno yake mwenyewe. Akasema alikosea. Shemeji amekosea! Miaka yote hii nimesubiri aseme neno hilo, amekuja kulisema leo.

Baadaye mama mkwe alinieleza, akifikiri ananifurahisha. Jana alimwita mwanawe pembeni, akamwambia dada yake amechoka, na kwamba akithubutu kubishana nami kwenye jambo hili hata kwa neno moja, asimwite tena mama. Nikamshukuru. Mkwe hushukuriwa hata akikuchimbia kaburi.

Kura tano, simba watano. Yangu ikiwemo, ningefanyaje? Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikujua kama walikuwa wananisema mimi.


Jumatatu, 11 Agosti

Sijashindwa. Mama mkwe akiogopa, safari nzima inageuzwa. Nimekwenda kumsalimia, nimeshika adabu zangu zote, nikamwambia, mama, ni vyema ujue, simba hupenda kuchagua mtu mzima asiyeweza kukimbia. Hakuinua hata macho kwenye sindano zake. Akasema, mwanangu, mimi nimekaa na baba mkwe wako miaka arobaini, huyo simba ataningurumia nini cha zaidi?

Kisha akasema kama kuna atakayekimbia, si yeye. Akanitazama tumbo. Nimeaga mapema.


Jumatano, 13 Agosti

Leo mgongo umekataa. Niliamka nikapiga yowe la wastani, nikabaki kitandani nikiugulia. Nilikwisha panga maneno: nendeni tu, msinijali, mimi na mgongo wangu tutabaki. Sauti niliiweka chini kabisa. Hata mimi nilijionea huruma.

Mke wangu aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema kama siwezi kwenda, basi hakuna anayekwenda, watabaki wote waniuguze. Kisha akatazama kule kona iliko cherehani, akasema atamalizia zile sketi zilizobaki. Hakulalamika. Angelalamika ningevumilia. Lakini alisema hivyo hivyo tu, akikunja vidole vyake vyenye alama za sindano, na mimi nikahisi vibaya sana.

Nilikuwa karibu kupona mwenyewe. Mama mkwe hakusubiri. Alinigeuza kifudifudi, akaweka goti panapohusika, akavuta. Kulitokea mlio ambao hata jirani alikuja kuulizia. Nikajikuta nimesimama wima katikati ya chumba. Mgongo ambao haukuwa na ugonjwa sasa unauma kwelikweli, na nimetangazwa kuwa mzima.

Kasuku alikuwa mlangoni. Akaniuliza taratibu kama ninaogopa. Nikamwambia, mimi? Niogope nini, na simba ananijua? Akasema sawa, baba. Akaenda kupanga begi langu.


Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa hai. Nisome tena: hai.

Langoni tuliacha gari la shemeji, tukapewa la mbugani. Halina vioo! Pembeni wazi, juu turubai, kana kwamba abiria ni vitafunio. Nikachagua kiti cha katikati, nikasema nawaachia wengine mandhari. Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu. Shemeji akamwambia leo apumzike, humu tuna bingwa, mtu aliyenuswa kiatu na simba. Kijana akafurahi mno! Akawa kila mara ananiita mzee na kuniuliza naonaje.

Tukafika njiapanda. Akauliza, mzee, kulia au kushoto? Nikaona kulia kuna kichaka kizito. Kushoto ni nyasi fupi, peupe, hata panya hajifichi. Nikanyoosha mkono kwa uhakika wa mtu anayejiokoa. Kushoto! Kijana akasita, akasema siku hizi wako zaidi kulia. Nikamwambia porini hapabishaniwi.

Tulipoikata kona, walikuwa hapo. Wote. Majike wanne na dume mmoja, wamelala kandokando ya barabara. Ningeweza kuwahesabu masharubu.

Kijana alinipigia saluti. Mama mkwe akasema kumbe mkwe wangu ni mtu. Hata shemeji alishusha darubini, maana haikuhitajika, akasema kwa shida kwamba hapo nimeweza. Ningefurahi kuyasikia vizuri, ila nilikuwa chini ya kiti. Kofia ilikuwa imeanguka. Ilianguka kwa sababu niliivua nikaitupa.

Huko chini kuna vumbi na ganda la njugu. Nilikusudia kukaa huko hadi jioni. Kisha nikahisi mkono mdogo begani. Kasuku alikuwa amepiga magoti karibu nami, amejifanya anatafuta kofia pia. Akaninong'oneza kwamba dume amelala, niinuke taratibu, yeye atanishika mkono.

Nikainuka.

Jamani. Mkubwa! Hana haraka na mtu. Alifungua jicho moja akatutazama, akapiga mwayo mrefu, meno yote nje, kisha akalaza kichwa juu ya mguu wake kama mzee aliyeshiba. Nilisahau hata kuogopa. Nilitazama tu. Mke wangu aliegemea bega langu, akasema tangu tufike hajaisikia cherehani hata mara moja. Sijui tulikaa hapo muda gani.

Ndipo Kasuku akasogea sikioni. Akasema anajua kuhusu ile picha. Siku nilipopaka chokaa banda, ilidondoka, naye ndiye aliyeiokota. Nyuma ilikuwa na tarehe za mwezi wa saba. Akaipaka gundi, akairudisha kabla sijageuka. Hilo lilitokea akiwa darasa la tatu, na sasa yuko la sita.

Miaka yote hiyo! Mtoto ambaye mwezi jana alimweleza mchungaji kwamba mimi husinzia kanisani. Mtoto ambaye hawezi kutunza siri ya sukari iliyoisha. Hii moja ameifungia kifuani, hakumwambia hata mama yake. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulipiga kura ya simba? Akasema alitaka nimwone. Ili siku nikiulizwa, baba, isiwe uongo tena.

Macho yangu yalijaa maji. Nikasema ni vumbi. Shemeji akasema hakuna vumbi, jana kulinyesha. Amri ya mama yake imekwisha muda wake.


Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka mtu mpya. Nimefungua banda mapema. Ile picha ya kalenda nimeibandua mwenyewe, pale pale nimeweka aliyoipiga Kasuku kwa simu ya mama yake: simba akipiga mwayo, na chini kabisa pembeni, ukitazama vizuri, ukingo wa kofia yangu. Ushahidi! Nikajiapiza kwamba kuanzia leo atakayeuliza ataambiwa kilichotokea, bila chumvi wala pilipili.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu, amekuja kusawazishiwa upande wa pili. Akaitazama sana ile picha. Akauliza, ni kweli ulikuwa karibu hivyo? Nikasema kweli. Jibu safi kabisa! Kasuku alikuwa anafagia nywele, akanitazama akatabasamu, na mimi nikajisikia mrefu kufika dari.

Ningeishia hapo. Lakini mwalimu mkuu hakuwa amemaliza. Akasema mtu asiyemwogopa simba hapana shaka hata mamba amewahi kukabiliana naye.

Nikakohoa.

Unywele, naapa. Leo ulikuwa unywele wa kweli. Lakini yeye akaguna kwa heshima, akauliza ilikuwaje. Mtu mzima, mwenye cheo, anakuuliza kwa adabu. Utamwachaje hivihivi? Nikamwambia kidogo tu. Mto ulivyokuwa umefurika. Mkia ulivyokuwa unateleza mkononi. Ufagio wa Kasuku ukasimama. Ukaendelea tena, polepole.

Sikujua kwamba mama mkwe ameketi kwenye benchi nje, akimsubiri mjukuu wake.

Jioni hii imetangazwa mezani. Likizo ijayo tunakwenda kwenye mto wa mamba, nikawaonyeshe ninavyoshika mkia. Mama mkwe amefurahi. Mke wangu tayari anatafuta kofia. Kasuku aliniwekea tu chai mbele yangu na kunipapasa kichwa, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Hata hivyo kura itapigwa Jumapili, kama kawaida.

Lakini nimetulia. Nina mpango. Kuanzia kesho nitapita kila mahali nikisema nataka mamba, mamba tu, mamba au kifo. Shemeji atasikia. Na safari hii amri ya mama yake haipo. Safari hii hana budi kupinga!